Edwina Booth

Edwina Booth (jina la kuzaliwa: Josephine Constance Woodruff, Provo, Utah, 13 Septemba 1904 – Long Beach, California, 18 Mei 1991) alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alianza kuigiza mwishoni mwa kipindi cha filamu bubu. Anajulikana hasa kwa nafasi ya Nina katika filamu Trader Horn (1931), ambayo sehemu zake nyingi zilipigwa picha mwaka 1929 katika Afrika Mashariki na nchi za jirani.

Kazi yake ya uigizaji ilidumu kwa takriban miaka minne tu, kuanzia 1928 hadi 1932. Magonjwa aliyoyapata akiwa Afrika yalimwacha mgonjwa kwa miaka mingi. Aliishtaki kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM) iliyomwajiri, kisha akaacha filamu kabisa. Kwa sababu alijitenga na umma, uvumi kwamba alikuwa amekufa ulienea kwa miongo kadhaa, ingawa aliishi hadi umri wa miaka 86.

Maisha ya awali

Josephine Constance Woodruff alizaliwa katika mji wa Provo, jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake alikuwa daktari. Familia ilikuwa ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, linalojulikana zaidi kama Wamormoni, ambao ndio wengi katika jimbo la Utah. Imani hiyo ilikuja kuwa nguzo ya maisha yake baada ya kuacha filamu.

Baadaye familia ilihamia California, karibu na jiji la Los Angeles. Wakati huo Hollywood, ambayo ni sehemu ya jiji hilo, ilikuwa tayari kitovu cha utengenezaji wa filamu duniani, na vijana wengi kutoka majimbo mbalimbali walikwenda huko kutafuta kazi ya uigizaji.

Jina la kisanii la Edwina Booth lilitokana na upande wa mama yake, aliyetoka katika ukoo wa Booth. Jina hilo pia linafanana na la Edwin Booth, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani wa Marekani katika karne ya 19.

Mwanzo katika filamu bubu

Inasimuliwa kwamba Booth aligunduliwa na mwongozaji wa filamu alipokuwa akiota jua ufukweni huko California, akaalikwa kufanya majaribio ya kuigiza. Alianza na nafasi ndogo ndogo, kama ilivyokuwa kawaida kwa wasichana wengi waliofika studio bila uzoefu.

Mwaka 1928 alionekana katika Manhattan Cocktail, filamu ya kampuni ya Paramount iliyoongozwa na Dorothy Arzner, mmoja wa wanawake wachache sana walioongoza filamu Hollywood wakati huo. Nyota wa filamu hiyo walikuwa Nancy Carroll na Richard Arlen. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea, kama zilivyopotea filamu nyingi za kipindi hicho: zilipigwa kwenye utepe wa nitrati, ambao huharibika na kushika moto kwa urahisi, na studio nyingi hazikuona sababu ya kuzitunza baada ya filamu zenye sauti kuingia sokoni.

Mwaka 1929 Booth alipata nafasi ndogo, bila jina lake kutajwa, katika Our Modern Maidens ya MGM. Nyota wa filamu hiyo alikuwa Joan Crawford. Ilikuwa filamu isiyo na maneno ya kusemwa, ila ilikuwa na muziki uliorekodiwa.

Booth alianza kazi wakati wa mabadiliko makubwa. Mwezi Oktoba 1927 filamu The Jazz Singer ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, ikiwa na sehemu za kuimba na kusema. Ndani ya miaka miwili hivi studio zote kubwa za Hollywood zilihamia kwenye filamu zenye sauti. Waigizaji wengi wa filamu bubu walipoteza kazi, na wapya walitafutwa. Kwa msichana asiye na jina kubwa, huo ulikuwa wakati wa hatari na wa bahati kwa pamoja.

Kuchaguliwa kwa ajili ya Trader Horn

Mwaka 1927 kilitolewa kitabu Trader Horn, chenye kumbukumbu za Alfred Aloysius Horn, mzee aliyewahi kufanya biashara ya pembe za ndovu na mpira katika Afrika ya Magharibi ya Ikweta katika karne ya 19. Horn, ambaye jina lake halisi la ukoo lilikuwa Smith, alikuwa akichuuza vyombo vya jikoni vya waya mjini Johannesburg alipokutana na mwandishi wa riwaya Ethelreda Lewis, aliyemsaidia kuandika habari zake. Kitabu kiliuzwa sana Marekani, na MGM ikanunua haki za kukitengenezea filamu.

Kazi ya kuiongoza ilipewa W. S. Van Dyke. Alikuwa ametoka kufanikiwa na White Shadows in the South Seas (1928), iliyopigwa picha Tahiti katika Bahari ya Pasifiki. Mpiga picha wa filamu hiyo, Clyde De Vinna, alipata tuzo ya Oscar na alichaguliwa kwa kazi ya Trader Horn pia. Irving Thalberg, mkuu wa utengenezaji wa MGM, alikubali kundi zima lisafirishwe hadi Afrika. Kabla ya hapo filamu za hadithi za Hollywood zilizohusu Afrika zilitengenezwa karibu zote nchini Marekani, kwa kutumia mandhari ya kubuni na wanyama wa kufugwa.

Katika hadithi ya filamu, mfanyabiashara Horn na rafiki yake kijana aitwaye Peru wanasafiri porini wakiongozwa na Renchero, msaidizi Mwafrika wa Horn. Wanakutana na mmisionari Edith Trent, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimtafuta binti yake aliyetekwa utotoni. Mama huyo anakufa, na wao wanaendelea na msako. Hatimaye wanamkuta binti huyo, Nina, akiwa anaabudiwa kama mungu na watu waliomlea. Kwanza anawatendea kwa ukatili, kisha anawasaidia kutoroka.

Nafasi ya Horn ilipewa Harry Carey, mwigizaji wa siku nyingi wa filamu bubu za ng'ombe na farasi. Peru aliigizwa na Duncan Renaldo. Mke wa Carey, Olive Golden, aliigiza kama mmisionari. Kwa nafasi ya Nina MGM ilitafuta msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akachaguliwa Booth. Hii ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza.

Safari ya Afrika Mashariki

Kundi la MGM liliondoka Marekani mapema mwaka 1929, likapitia Ulaya na kufika Mombasa kwa meli. Kutoka pwani lilisafiri kwenda Nairobi, na kutoka huko lilizunguka kwa miezi mingi likiwa na magari, mahema, mitambo ya umeme, kamera, madawa na vyakula vya makopo. Upigaji picha ulifanyika Kenya, Uganda, Tanganyika, Sudan na Kongo ya Wabelgiji. Magavana wa makoloni hayo walishukuriwa mwanzoni mwa filamu.

Hadithi ya Horn ilitokea Afrika ya Magharibi, lakini filamu ilipigwa Mashariki. Sababu zilikuwa za kikazi. Afrika Mashariki ilikuwa na bandari, reli, hoteli za Nairobi na wawindaji Wazungu waliokuwa wamezoea kuongoza safari za matajiri. Pia ilikuwa na wanyama wengi katika nyika za wazi, ambapo kamera zingeweza kuwaona kutoka mbali. Katika miaka hiyo ya 1920 wapiga picha kutoka Marekani, kama Martin Johnson na mke wake Osa, walikuwa wameshaanza kuwaonyesha watazamaji wa nchi yao simba na tembo wa Kenya na Tanganyika. Nyanda za Serengeti, mashariki mwa Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara wa leo, zilikuwa zimeshajulikana ng'ambo kwa simba wake. Mwaka 1929, mwaka uleule wa safari ya MGM, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitenga sehemu ya Serengeti kuwa hifadhi ya wanyama ili kupunguza uwindaji uliokuwa umezidi.

Kambi muhimu ya kundi ilikuwa karibu na Maporomoko ya Murchison, katika mto Nile nchini Uganda. Mahali hapo palikuwa na viboko na mamba wengi. Palikuwa pia pamebaki bila wakazi, kwa sababu watu wa eneo hilo walikuwa wamehamishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na ugonjwa wa malale. Ugonjwa huo huenezwa na mbung'o, na mbung'o walikuwa bado wapo.

Katikati ya kazi mpango ulibadilika. Trader Horn ilikuwa imekusudiwa kuwa filamu bubu. Mafanikio ya The Broadway Melody (1929), filamu ya muziki ya MGM, yaliishawishi studio iigeuze kuwa filamu yenye sauti. Vifaa vya kurekodi sauti vilitumwa Afrika, na wafanyakazi walilazimika kujifunza kazi mpya wakiwa porini. Waigizaji waliokuwa wameajiriwa kwa ajili ya sura zao sasa walihitajika kusema mbele ya maikrofoni. Mabadiliko hayo yalirefusha kazi na kuongeza gharama. Kundi lilikaa Afrika kwa takriban miezi saba.

Ugonjwa

Booth alikuwa mwanamke kijana asiyewahi kuishi katika nchi za joto. Nafasi ya Nina ilimtaka avae mavazi machache sana, atembee bila viatu na akae kwenye jua kwa saa nyingi. Wengine kambini walivaa kofia pana, mikono mirefu na buti, ila yeye, mbele ya kamera, hakuwa na kinga hiyo. Ngozi yake ilitakiwa ionekane imezoea jua, hivyo alielekezwa kuota jua tangu safarini.

Aliugua malaria. Aliugua pia kuhara damu na kupigwa na jua. Iliripotiwa kwamba alianguka kutoka juu ya mti wakati wa kazi, na kwamba nyasi kali na wadudu vilimjeruhi miguu na mwili. Kila alipopata nafuu alirudi mbele ya kamera. Kuchelewa kwa siku moja kulimaanisha mishahara, chakula na mafuta kwa kundi zima, na hapakuwa na mwigizaji mwingine wa kuchukua nafasi yake, kwani sehemu za filamu zilizokwisha kupigwa zilikuwa na sura yake.

Tiba ya wakati huo ilikuwa na mipaka. Dawa kuu ya malaria ilikuwa kwinini. Klorokwini haikuwa imegunduliwa, na antibiotiki kama penisilini zilianza kutumiwa hospitalini katika miaka ya 1940 tu. Mgonjwa wa malaria na kuhara damu kwa pamoja, aliye mbali na hospitali, alikuwa katika hatari ya kifo.

Booth hakuwa peke yake katika kuugua. Wafanyakazi wengi wa kundi, Waafrika na Wazungu, walipata homa. Magazeti ya Marekani yalisimulia pia habari za watu wa msafara waliouawa na wanyama, na habari hizo zikatumiwa kuitangaza filamu.

Waigizaji na wafanyakazi wa Kiafrika

Msafara ulitegemea mamia ya Waafrika: wapagazi, wapishi, madereva, wawindaji, watafsiri na watu wa vijijini waliojaza sehemu za ngoma na vita. Majina ya karibu wote hayakutajwa katika filamu.

Anayejulikana zaidi ni Mutia Omoolu kutoka Kenya, aliyeigiza kama Renchero. Nafasi yake ni kubwa kuliko ilivyokuwa kawaida kwa Mwafrika katika filamu za Hollywood za wakati huo, na jina lake liliandikwa pamoja na yale ya nyota. Studio ilipohitaji kupiga tena sehemu kadhaa, Omoolu na mwenzake Riano Tindama, aliyeigiza kama mganga, walipelekwa California, na baada ya kazi walirudi nyumbani.

Booth alipata umaarufu, kesi mahakamani na nafasi ya kueleza malalamiko yake magazetini. Waafrika waliougua au kuumia katika safari ileile hawakupata nafasi hiyo, na habari zao hazikuandikwa.

Kutolewa kwa filamu

Kundi lilirudi Marekani mwishoni mwa mwaka 1929 likiwa na utepe mwingi sana wa picha, lakini sauti iliyorekodiwa porini haikutosha. Mwaka 1930 sehemu nyingi za mazungumzo zilipigwa upya katika studio za MGM huko Culver City, California. Sehemu nyingine zenye wanyama wakipigana zilipigwa nchini Mexico. Booth, ambaye hakuwa amepona, alitakiwa kurudia kazi pamoja na wenzake. Kwa muda viongozi wa studio walifikiria kuachana na filamu hiyo, kwa sababu gharama zilikuwa zimepita dola milioni moja.

Trader Horn ilianza kuonyeshwa mapema mwaka 1931 na ikapata watazamaji wengi sana. Ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu bora, ambayo ilichukuliwa na Cimarron. Booth alitangazwa kama mungu mweupe wa msituni, na picha zake zilisambazwa kote.

Umaarufu huo haukumletea kazi nyingine MGM. Studio haikuendelea na mkataba wake. Wakati huohuo alikabiliwa na mashtaka ya mke wa Duncan Renaldo, aliyedai kwamba Booth alimnyang'anya mume wake wakati wa safari ya Afrika. Booth alikana madai hayo. Habari za kesi hiyo zilijaa magazetini na kumharibia jina, katika jamii ambayo haikuwa na huruma kwa mwanamke aliyetajwa katika jambo kama hilo.

Renaldo mwenyewe alipata matatizo na idara ya uhamiaji ya Marekani kuhusu mahali alikozaliwa, akafungwa, na baadaye akasamehewa na Rais Franklin D. Roosevelt. Alirudi kwenye uigizaji na kupata umaarufu mkubwa kama Cisco Kid.

Kesi dhidi ya MGM

Booth aliishtaki MGM akidai fidia ya zaidi ya dola milioni moja. Alidai kwamba kampuni ilimpeleka mahali pa hatari bila kinga ya kutosha, kwamba mavazi aliyopewa hayakumkinga na jua wala wadudu, na kwamba alilazimishwa kuota jua akiwa uchi kwa muda mrefu. Alidai kuwa afya yake iliharibiwa na kazi hiyo na kwamba hakuweza tena kujipatia riziki.

Kesi hiyo iligusa jambo ambalo halikuwa na sheria za wazi wakati huo. Studio za Hollywood ziliwafunga waigizaji kwa mikataba mirefu na kuamua wacheze nini, wapi na kwa saa ngapi. Chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani, Screen Actors Guild, kilianzishwa mwaka 1933 tu, baada ya kazi ya Booth kwisha. Mwigizaji mgeni aliyekataa kuingia mtoni au kukaa juani angeweza kuachishwa kazi, na hakuwa na chombo cha kumtetea.

Kesi ilimalizwa nje ya mahakama. Masharti ya makubaliano hayakutangazwa kwa umma.

Filamu za mwisho

Booth alijaribu kuendelea na kazi licha ya ugonjwa. Kampuni ndogo ya Mascot ilimwajiri pamoja na Harry Carey katika filamu mbili za mfululizo. Filamu za aina hiyo zilionyeshwa sehemu moja kila wiki, na kila sehemu iliishia pale ambapo mhusika yuko hatarini, ili watazamaji warudi wiki inayofuata. Zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo.

Ya kwanza ilikuwa The Vanishing Legion (1931), yenye sehemu 12. Ya pili ilikuwa The Last of the Mohicans (1932), pia ya sehemu 12, iliyotokana na riwaya ya James Fenimore Cooper. Humo Booth aliigiza kama Cora Munro na Carey kama Hawkeye.

Mwaka 1932 alionekana pia katika The Midnight Patrol na Trapped in Tia Juana. Katika filamu hiyo ya pili aliigiza tena na Duncan Renaldo. Baada ya hapo hakuonekana tena katika filamu yoyote. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Maisha baada ya filamu

Kupona kwa Booth kulichukua miaka. Kwa muda mrefu alikuwa kitandani chini ya uangalizi wa familia yake, na iliripotiwa kwamba mwanga mkali ulimdhuru hata akahitaji kuwekwa katika chumba chenye giza. Katikati ya miaka ya 1930 iliripotiwa kwamba alitafuta matibabu Ulaya.

Kwa kuwa hakutoa habari zake, watu walianza kusema kwamba amekufa. Uvumi huo uliendelea kwa miongo kadhaa, ukasimuliwa kwa namna tofauti: wengine walisema alifia Afrika, wengine kwamba alikufa mara baada ya kurudi kwa ugonjwa wa ajabu wa msituni. Hadithi hiyo ilifaa kwa matangazo, na ilifanana na sinema yenyewe, kwa hiyo watu wengi waliiamini. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Booth alikuwa mgonjwa wa malaria na magonjwa mengine yaliyojulikana vyema Afrika Mashariki, ambayo yalikuwa yakiwaua wenyeji wengi kila mwaka bila kuandikwa popote.

Aliolewa mara tatu. Ndoa ya kwanza ilibatilishwa na ya pili ilivunjika. Mume wake wa tatu alikuwa Reinold Fehlberg, ambaye alifariki kabla yake.

Baada ya kupata nguvu alijishughulisha na kanisa lake, na alihudumu katika hekalu la Wamormoni la Los Angeles. Alikata uhusiano wote na Hollywood na alikwepa kuzungumza hadharani kuhusu kazi yake ya zamani. Hata hivyo barua za mashabiki wa Trader Horn ziliendelea kumfikia hadi uzeeni.

Edwina Booth alifariki tarehe 18 Mei 1991 huko Long Beach, California, kwa ugonjwa wa moyo. Ilikuwa imepita miaka 62 tangu aliposhuka Mombasa.

Umuhimu

Trader Horn ilibadilisha namna Hollywood ilivyotengeneza filamu kuhusu Afrika. Picha za wanyama na mandhari zilizobaki zilitumiwa na Van Dyke katika Tarzan the Ape Man (1932), ambamo Johnny Weissmuller alicheza kama Tarzan kwa mara ya kwanza. Kwa njia hiyo nyika na mito ya Afrika Mashariki ilionekana katika filamu ambazo waigizaji wake wakuu hawakuondoka California. Studio zilikuwa zimejifunza kwamba kupeleka nyota porini kuna gharama na hatari nyingi, na kwa karibu miaka 20 zilipendelea kubaki nyumbani. Safari kubwa zilianza tena na King Solomon's Mines (1950) na The African Queen (1951), ambazo zote mbili zilipigwa kwa sehemu karibu na Maporomoko ya Murchison. Wakati huo dawa za malaria na antibiotiki zilikuwa zimeboreka sana.

Filamu hiyo pia imekosolewa kwa namna inavyowaonyesha Waafrika kama watu wakali wasio na historia, na kwa hadithi yake ya mwanamke Mzungu anayeabudiwa na watu weusi. Hadithi hiyo haikutokana na imani ya watu wowote wa Kenya, Uganda au Tanganyika. Ilitoka katika riwaya za Wazungu za karne ya 19. Watu waliopigwa picha walivalishwa na kuelekezwa ili wafanane na hadithi.

Watawala wa Kiingereza walikuwa na wasiwasi kuhusu filamu za Hollywood katika makoloni yao, na waliweka udhibiti juu ya filamu zipi Waafrika waruhusiwe kuona. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe nchini Tanganyika, ulitengeneza filamu fupi za mafundisho ya kilimo, afya na uchumi kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Filamu hizo zilizungushwa vijijini kwa gari na kuelezwa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Hivyo, miaka michache tu baada ya Booth kuondoka, kamera zilirudi Tanganyika kwa lengo tofauti, ingawa uamuzi wa nini kionyeshwe ulibaki mikononi mwa wageni.

Katika historia ya filamu, Booth hutajwa mara nyingi kama mfano wa mwigizaji aliyelipa gharama kubwa kwa nafasi moja. Kesi yake hukumbukwa pia katika mijadala kuhusu wajibu wa mwajiri kwa usalama wa waigizaji wanaopelekwa kufanya kazi mbali na studio.

Filamu

- Manhattan Cocktail (1928)
- Our Modern Maidens (1929), bila kutajwa jina
- Trader Horn (1931), kama Nina
- The Vanishing Legion (1931), filamu ya mfululizo
- The Last of the Mohicans (1932), filamu ya mfululizo, kama Cora Munro
- The Midnight Patrol (1932)
- Trapped in Tia Juana (1932)